Figo imejaa maji kwa sababu ya kichocho: je, tumpe dawa ya nano?

*"Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 27, analima mpunga Misungwi. Tangu akiwa darasa la nne alikuwa akikojoa damu mwishoni mwa haja, inaacha, inarudi. Wazee wakasema anabalehe. Shuleni alimeza dawa za kichocho mara mbili. Mwaka huu ameanza kuumwa kiuno upande wa kushoto. Utrasaundi imeonyesha figo ya kushoto imejaa maji, mrija wake umevimba na ukuta wa kibofu ni mnene. Kipimo cha damu: kreatinini 171. Hospitali wamempa tena vidonge vya kichocho na wanataka kumwekea mpira wa ndani. Amekataa, anasema ukishawekewa mpira ndiyo mwanzo wa kusafishwa damu. Sasa kuna mtu anatuuzia 'maji ya dhahabu ya nano', shilingi 480,000 dozi ya mwezi. Anasema chembe zake zinapenya hadi kwenye figo, zinaua minyoo iliyobaki humo na kuyeyusha makovu. Ametutumia na utafiti wa wanasayansi; nimeusoma kwa shida, lakini naona ni wa kweli, figo za panya zilipata nafuu. Tuuze mbuzi tununue, au tusubiri dawa hizo zifike hospitali?"*

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome hadi chini roho ikiwa juu. Mbuzi wasiuzwe kwa ajili ya chupa hiyo. Kusubiri nako hakufai. Mpira anaoukimbia mdogo wako, yaani mrija wa kushusha mkojo kutoka kwenye figo, ndio unaolenga tatizo alilo nalo, na kama mbuzi hawana budi kuuzwa, wauzwe kwa nauli na gharama za kumfikisha kwa daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, kwa upande wenu huko hospitali ya Bugando, Mwanza, ndani ya wiki chache zijazo.

Sikulaumu kwa kuuliza. Muuzaji huyo si mjinga: amechanganya ukweli na uongo kwa ustadi, na aliyeusoma utafiti kwa nia njema, kama wewe, ndiye anayenaswa upesi. Kwa hiyo tuutenganishe.

Uongo wa kwanza ni kwamba kuna minyoo ndani ya figo. Haimo. Minyoo ya kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium, huishi ndani ya mishipa midogo ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike wakiwa wamekumbatiana kwa miaka. Mnyoo mwenyewe hamsumbui sana mtu. Balaa ni mayai. Jike hutaga makumi hadi mamia ya mayai kila siku, na kila yai lina mwiba mwishoni. Mengine hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu ya mwisho wa haja ambayo wazee waliiita kubalehe. Mengi hukwama njiani. Kinga ya mwili huyazingira, panafanyika uvimbe mdogo kuzunguka kila yai, uvimbe unageuka kovu, na baada ya miaka kovu linaingia chokaa. Ndiyo maana ukuta wa kibofu chake umekuwa mnene.

Sehemu inayoathirika vibaya zaidi ni ncha ya chini ya ureta, yaani ule mrija mwembamba unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, pale unapoingia kwenye kibofu. Kovu likipabana hapo, mkojo haushuki. Mdogo wako ni mkulima wa mpunga, mwambie hivi: ukiziba tundu la chini la jaruba, maji hayapotei, yanarudi nyuma na kulala kwenye majaruba ya juu mpaka mpunga unaoza. Figo yake ndiyo jaruba la juu. Haikushambuliwa na mnyoo wala yai. Inakandamizwa na mkojo wake wenyewe uliokosa njia, na kadiri presha hiyo inavyokaa ndivyo sehemu zinazochuja damu zinavyosinyaa. Hilo hutokea kimyakimya. Watu wengi hawaumwi kiuno kabisa, kwa hiyo kwa maana fulani yeye ana bahati kwamba ameumwa.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo limenikosesha raha kuliko hiyo figo ya kushoto. Ni ile 171. Kwa mwanaume wa umri wake tunategemea kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, iwe chini ya 110 hivi. Mtu mwenye figo moja iliyoziba na nyingine nzima, kwa kawaida kreatinini yake haipandi hivyo, maana ile nzima hubeba kazi ya zote mbili. Ikifika 171, nashuku kwamba figo ya kulia nayo haiko sawa, hata kama utrasaundi haikusema. Labda nayo imeanza kubanwa, labda kuna maambukizi ya bakteria, labda presha ya damu, labda ni dawa za maumivu alizokuwa akimeza. Muulizeni daktari swali hilo waziwazi: "Figo ya kulia ikoje?" Na utrasaundi irudiwe mara baada ya kukojoa, kwa sababu kibofu kikijaa sana figo zinaweza kuonekana zimetanuka kidogo bila ugonjwa. Sidhani kwamba ndivyo ilivyo kwake, kwa jinsi mrija wenyewe ulivyovimba, lakini ni kipimo cha dakika chache na kinaondoa shaka.

Sasa hiyo nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000. Dawa ya nano ni dawa iliyotengenezwa kwa chembe za vipimo hivyo vidogo, na si hadithi ya baadaye, tunazitumia. Madini ya chuma tunayowachoma kwenye mshipa wagonjwa wa figo walioishiwa damu yamefungwa katika chembe za sukari za ukubwa huo. Amfoterisini, dawa kali ya kala-azar ambayo ikitumika ya kawaida huumiza figo vibaya, ikifungwa ndani ya viputo vya mafuta hupunguza madhara hayo kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilibebwa na chembe kama hizo za mafuta. Hata ule mstari mwekundu kwenye kijiti cha kupima mimba, mara nyingi ni chembe ndogo za dhahabu! Kwa hiyo akikuambia nano ni sayansi ya kweli, mkubalie. Swali ni nano gani, kwa ugonjwa gani, na imejaribiwa kwa nani.

Tafiti za aina aliyokutumia zipo, nyingi zimefanywa na wanasayansi wa Misri na Saudi Arabia, nchi ambako kichocho kinajulikana vizuri. Panya huambukizwa kichocho, hupewa chembe za dhahabu, fedha au seleniamu, kisha baada ya siku au wiki chache huchinjwa na figo na maini yao kuangaliwa. Mara kwa mara zimeripoti kwamba panya waliopewa chembe walikuwa na uharibifu mdogo kuliko wale ambao hawakupewa: kemikali chafu zinazotokana na uvimbe zilipungua na seli zilionekana zimetulia. Siyapuuzi matokeo hayo. Ila soma ni mnyoo gani. Karibu kila mara ni Schistosoma mansoni, kichocho cha tumbo, kwa sababu kile cha mkojo hakishiki vizuri kwa panya. Minyoo ya mansoni hukaa kwenye mishipa ya utumbo na mayai yake huishia kwenye ini. Figo za panya huumia kwa mbali, kutokana na sumu za uvimbe zinazozunguka kwenye damu. Hakuna ureta iliyobanwa. Hakuna kovu la miaka 17 lenye chokaa. Panya wenyewe wana wiki kadhaa tu za ugonjwa.

Kwa maneno mengine, utafiti huo hata ungekuwa kamili kwa asilimia mia, ungekuwa unajibu ugonjwa mwingine. Upo ugonjwa wa figo wa binadamu unaoukaribia: baadhi ya watu wenye kichocho cha tumbo cha muda mrefu, hasa walioharibika ini na kuvimba wengu, vipande vya mnyoo vikiungana na askari wa kinga huganda kwenye vichujio vya figo, mtu anaanza kupoteza protini kwenye mkojo na kuvimba miguu. Umeelezwa sana Brazil na Misri. Huko kanda ya ziwa, kwa watu wa visiwani na mwaloni, ni jambo la kufikiriwa. Na ni ugonjwa mgumu, kwa sababu vichujio vikishaharibika, kuua minyoo hakuvirudishi, na dawa za kushusha kinga kwa ujumla zimesaidia kidogo. Hapo naelewa kwa nini watafiti wanatafuta njia mpya, nano ikiwemo. Lakini hata hapo hakuna dawa ya nano iliyosajiliwa kwa binadamu kwa ajili ya figo iliyoharibiwa na kichocho, si Tanzania, si Ulaya, si popote.

Dai la "kupenya hadi kwenye figo" nalo lichunguze. Kinachoamua chembe iende wapi mwilini ni ukubwa wake na ngozi iliyovikwa. Chembe ngumu za chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Zikizidi hapo, nyingi hudakwa na ini na wengu na zinaweza kukaa humo muda mrefu sana. Na hayo ni kwa zilizochomwa kwenye mshipa; za kunywa, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Muuzaji wenu anajua chembe zake zina ukubwa gani? Kuna maabara iliyopima kama chupani kuna dhahabu kweli, au ni fedha, au ni maji ya rangi? Maji ya fedha yameuzwa miaka mingi duniani kama tiba ya kila kitu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatamka mwaka 1999 kwamba hayatambuliwi kuwa salama wala kutibu, na wapo watu ambao ngozi yao iligeuka rangi ya kijivu-bluu moja kwa moja kwa kuyanywa. Mtu mwenye kreatinini 171 hana figo za ziada za kufanyia majaribio. Mwombe namba ya usajili wa bidhaa hiyo kutoka TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Si leseni ya duka, si cheti cha semina: namba ya usajili wa bidhaa. Nadhani maongezi yataishia hapo.

Kwa kweli, madini kutibu kichocho si jambo jipya. Mwaka 1918 daktari Christopherson akiwa Khartoum alitangaza kwamba sindano za chumvi ya antimoni zinaua minyoo hiyo. Ziliua, lakini zilikuwa na sumu kwa moyo na mgonjwa alichomwa mara nyingi. Misri ilizitumia kwa kampeni kubwa hadi miaka ya 1980, na kwa sababu sindano zilirudiwa bila kutakaswa ipasavyo, homa ya ini aina ya C ikasambaa nchini. Dawa ile ilikuwa inafanya kazi, tena ikitolewa na serikali. Ndiyo maana sisi madaktari tunakuwa wagumu mtu anapoleta chupa isiyopimwa.

Pale ambapo mimi mwenyewe naiona nano ikifika zahanati siku moja ni kwenye prazikwanteli, vile vidonge vya kichocho alivyomeza shuleni. Dawa hiyo haiyeyuki vizuri majini, na kiasi kikubwa kinachofyonzwa huvunjwa na ini kabla hakijazunguka mwilini. Watafiti wanaifunga kwenye chembe za mafuta au za plastiki zinazoyeyuka mwilini ili ikae muda mrefu zaidi kwenye damu na iwafikie minyoo vizuri, na kwa wanyama wa maabara inaonekana kusaidia. Ikifanikiwa, itakuwa dawa bora ya kuua minyoo. Tundu la jaruba litabaki limeziba.

Tukija kwa prazikwanteli ya leo: usiseme ilishindwa shuleni. Ilifanya kazi yake, halafu akarudi majini. Kila anapoingia kwenye jaruba au lambo lenye konokono walioambukizwa anaweza kuambukizwa upya, na dozi mbili za utotoni hazimlindi mtu wa miaka 27. Tena dawa hii inaua minyoo mikubwa, michanga ya wiki za mwanzo inaponyoka. Ndiyo sababu kwa mtu kama yeye tunapenda kurudia dozi baada ya wiki 4 hadi 6. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Kreatinini yake haimzuii, kwa sababu dawa hiyo hushughulikiwa na ini. Wakimpima mkojo, autoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa ambazo mayai hutoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kuwaambia hana kichocho wakati anacho. Kwa watoto na vijana ambao mrija umebanwa na uvimbe ambao bado haujawa kovu, vidonge peke yake vimefungua njia ndani ya miezi. Kwa mdogo wako, baada ya miaka yote hiyo na kreatinini imeshapanda, nisingeweka tumaini lote hapo.

Basi huo mpira. Hauna uhusiano wowote na kusafisha damu. Mpira wa kusafishia damu huwekwa kwenye mshipa wa shingo au wa paja. Huu ni mrija laini mwembamba unaopitishwa kupitia njia ya haja ndogo hadi kwenye kibofu, kisha ndani ya ureta hadi kwenye figo, bila kumpasua, ili mkojo ushuke. Lengo lake ni kumwepusha na kusafishwa damu. Nadhani imani hiyo imezuka kwa sababu wengi wanakuja wamechelewa, wanawekewa mpira leo, wiki ijayo wako kwenye mashine, na mtaani watu wanaunganisha mambo mawili ambayo kosa lake ni kuchelewa.

Simwambii kwamba ni raha. Atahisi kukojoa mara kwa mara, kiuno kitavuta anapokojoa, anaweza kuona damu kidogo. Na si wa kudumu: hutolewa au kubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mpira uliosahaulika hujenga mawe juu yake na kuleta shida kubwa, kwa hiyo aandike tarehe aliyowekewa mahali ambapo na wewe unaiona. Pengine kovu litakuwa limebana kiasi kwamba mpira haupiti. Hapo watapitisha mrija kupitia mgongoni moja kwa moja hadi kwenye figo, mkojo ukusanyike kwenye mfuko kwa muda. Baadaye, figo ikishatulia, daktari wa upasuaji anaweza kukata kipande kilichobanwa na kuipandikiza ureta upya kwenye kibofu. Hiyo ndiyo tiba ya kudumu kwa makovu ya namna hii. Figo itarudi kwa kiasi gani, hakuna anayeweza kuwaahidi kabla ya kuifungua. Iliyokandamizwa wiki hurudi vizuri, iliyokandamizwa miaka hurudi kidogo, au hairudi na tunalinda iliyobaki.

Wakati mnasubiri miadi, aache kabisa diklofenaki, ibuprofeni na sindano za maumivu za dukani, parasetamoli inatosha. Aache na mitishamba ya "kusafisha figo", hata ya nyumbani. Apimwe presha. Wakitaka kumfanyia sitiskani ya sindano ya dawa ya rangi, awakumbushe hiyo 171 kabla hawajaanza.

Akipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya kiuno, au mkojo ukipungua sana au kukatika, au akianza kutapika, kubanwa pumzi, kuvimba uso au kuchanganyikiwa, asisubiri miadi wala asubuhi. Figo iliyoziba ikiingia bakteria ni dharura ya saa, si ya siku. Na damu kwenye mkojo ikiendelea miezi kadhaa baada ya dozi zote mbili, kibofu kiangaliwe kwa kamera, kwa sababu kichocho cha muda mrefu kinaweza kuzaa saratani ya kibofu, na kwa watu wetu huja mapema kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Sisemi anayo. Nasema isiachwe ikahesabiwa kuwa "ni kichocho tu".

Kuhusu mpunga, najua siwezi kumwambia aache kulima. Buti za mpira akizipata zinasaidia, na kumeza dawa kila mwaka ni lazima kwake maadamu anaingia majini. Tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka watu wazima wa maeneo yenye kichocho nao wapewe, si wanafunzi peke yao. Iombeni dawa hiyo kwenye kituo chenu cha afya.

Na wewe, dada, hukuandika lolote kujihusu. Kama mlikua nyumba moja mkichota na kuoga maji yaleyale, pima. Kwa wanawake mayai hayo hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yanaleta uchafu, damu baada ya tendo, maumivu ya nyonga na hata ugumba, na mara nyingi hutibiwa kama magonjwa ya zinaa mwaka baada ya mwaka bila nafuu. Mkienda kwa ajili yake, nawe toa mkojo siku hiyohiyo, saa zilezile za mchana, na umwambie daktari ulikulia wapi.